Ruzuku iliyoishia wilayani: kisa cha shule za msingi Uganda na jinsi wanauchumi wanavyoielewa rushwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Uganda ilikuwa ikitenga ruzuku kwa kila mtoto aliyeandikishwa katika shule ya msingi ya serikali. Kiwango kilikuwa shilingi 2,500 kwa mwaka kwa mtoto wa madarasa ya chini, na shilingi 4,000 kwa wa madarasa ya juu. Hela hizi hazikuhusiana na mishahara. Zilikuwa za vitabu, chaki na mahitaji mengine ya kuendeshea shule. Fungu lilitoka Kampala likapitia ofisi za wilaya, na wilaya ndizo zilizopaswa kulifikisha shuleni.

Bajeti ya elimu ya msingi ilikuwa inapanda, lakini takwimu rasmi hazikuonyesha mabadiliko ya maana shuleni. Mwaka 1996 wachumi waliokuwa wakifanya kazi na Benki ya Dunia na serikali ya Uganda waliamua kuifuata hela yenyewe. Walikwenda katika shule 250 za serikali na kukusanya kumbukumbu za mwaka 1991 hadi 1995. Walichokuta ni kwamba, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotolewa kwa ajili yao. Tena wastani huo unaficha hali yenyewe, kwa sababu shule nyingi hazikupata kitu chochote.

Chukua shule ya mfano yenye watoto 400, 220 wakiwa madarasa ya chini na 180 madarasa ya juu. Stahili yake kwa mwaka ni shilingi 550,000 kwa kundi la kwanza na 720,000 kwa kundi la pili, jumla 1,270,000. Kwa kiwango cha asilimia 13, kinachofika ni shilingi 165,100. Shilingi 1,104,900 zinabaki njiani. Upungufu huo ulibebwa na wazazi kwa michango, na kwa mtoto ambaye mzazi wake hakuwa nacho ulimaanisha kukosa kitabu, au kukosa shule kabisa.

Kisa hiki kimeandikwa sana na wanauchumi, na sababu si ukubwa wa wizi. Zipo kashfa kubwa zaidi Afrika Mashariki. Thamani yake ni kwamba hapa rushwa ilipimwa, haikukadiriwa kwa kuwauliza watu wanaionaje. Ilipimwa kabla na baada ya hatua kuchukuliwa, na kwa hiyo nadharia mbalimbali zinaweza kujaribiwa juu ya kisa kimoja.

Hesabu ilivyopatikana

Ukaguzi wa kawaida usingeona kitu. Mkaguzi anaangalia hati za malipo: je, fungu liliidhinishwa, je, lilitoka, je, sahihi zipo? Kwa ruzuku hii majibu yote yangekuwa ndiyo. Hela ilitoka kweli. Swali lililokosekana ni kama ilifika, na hilo halijibiwi na karatasi za anayetuma.

Njia iliyotumika Uganda imeigwa baadaye katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Unaanza na kumbukumbu za makao makuu: kiasi gani kilitolewa, tarehe gani, kwa wilaya gani. Unakwenda wilayani na kutafuta kumbukumbu za upande ule. Halafu unakwenda shuleni, unafungua daftari la mapato, na unaandika kilichopokewa, kiwe fedha taslimu au vifaa. Vifaa ni lazima vihesabiwe kwa bei yake, la sivyo wilaya iliyonunua chaki na kuzigawa itaonekana imeiba wakati haikuiba. Mwisho unalinganisha ngazi na ngazi, shule kwa shule.

Uamuzi uliobeba utafiti mzima ulikuwa kuegemea daftari za shule. Takwimu za wilaya zilikuwa hafifu, na anayezitunza ndiye anayeshukiwa. Mwalimu mkuu alikuwa akiandika kwa matumizi ya shule yenyewe. Daftari lile halikuwa linapelekwa popote kuombea fedha, hivyo hakuwa na sababu ya kulighushi. Anayetaka kurudia kazi hii mahali pengine ajiulize swali hilo kabla ya jingine lolote: aliyeandika namba hii angefaidika nini kuidanganya? Ukipima kwa kutumia fomu ambazo shule huzijaza ili ipewe fedha zaidi, unapima uongo wa pande mbili kwa pamoja.

Je, hii ni rushwa?

Tafsiri iliyozoeleka kwa wanauchumi ni matumizi ya mamlaka ya umma kwa manufaa binafsi. Ni fupi na inafaa kwa kazi nyingi, lakini ukiiweka juu ya ruzuku ya Uganda inayumba. Zile asilimia 87 hazikwenda zote mfukoni mwa mtu. Sehemu zilichukuliwa na maofisa na wanasiasa wa wilaya kwa mambo yao binafsi na ya kisiasa, na hapo tafsiri inafaa. Lakini wilaya pia zilikuwa na mahitaji ya kweli yasiyo na fungu, na hela ya ruzuku inaweza kuziba pengo la namna hiyo bila mtu kutajirika. Huo ni ukiukaji wa matumizi yaliyoidhinishwa. Kuuita rushwa ni kukuza neno kupita kiasi, na kuuita jambo la kawaida ni kuwasahau watoto. Ndiyo maana watafiti makini husema kwamba fedha "zilivuja" au "zilitekwa" wilayani, na kipimo chao kinasomeka kama kiasi ambacho hakikufika. Anayekitaja kama kiasi kilichoibwa amekiongezea maana ambayo hakina.

Tofauti ya pili ni ya wanauchumi Andrei Shleifer na Robert Vishny, waliyoieleza mwaka 1993. Waligawa rushwa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza ofisa anakutoza hongo juu ya ada halali, na ada yenyewe anaipeleka serikalini. Hongo inaongeza gharama yako, kwa hiyo unalalamika, na mshindani wako asiyetoa anaweza kukusema. Katika kundi la pili ofisa anaiba stahili ya serikali yenyewe, na mwananchi wa upande wa pili huenda asihisi kitu, au hata afaidike. Rushwa ya kundi la pili huenea kwa urahisi zaidi kwa sababu haizalishi mlalamikaji. Ruzuku ya Uganda iko karibu na kundi hili. Hakuna mzazi aliyeombwa kitu kidogo dirishani. Hela ilikosekana kimyakimya, mbali na macho ya aliyestahili.

Anayejua na anayeumia

Nadharia iliyotawala uchumi wa rushwa tangu kazi za Susan Rose-Ackerman za miaka ya 1970 ni ile ya mwenye mali na wakala wake. Mwenye mali, hapa serikali kuu kwa niaba ya wananchi, anamkabidhi wakala kazi. Wakala ana maslahi yake na anajua mambo ambayo mwenye mali hayajui. Pengo hilo la taarifa ndilo linalomlipa. Robert Klitgaard aliifupisha mwaka 1988 katika fomula inayonukuliwa kila semina: rushwa ni ukiritimba, jumlisha uhuru wa kuamua, toa uwajibikaji. Ofisi ya wilaya ilikuwa navyo vyote. Ilikuwa njia pekee ya hela kufika shuleni, ndiyo iliyoamua shule gani ipate na lini, na hakuna aliyeiuliza chini wala juu.

Uthibitisho mzuri wa nadharia hii umo ndani ya kisa chenyewe, na watu wengi hupita bila kuuona. Mishahara ya walimu ilipita katika serikali ileile, kwa watumishi walewale, kwenda shule zilezile, na uvujaji wake ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na ruzuku. Kama maelezo ya rushwa ni tabia mbovu ya maofisa, au utamaduni, au umaskini wao, basi mishahara ingevuja pia. Haikuvuja sana kwa sababu kila mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na unapaswa kuingia lini, na usipoingia yeye ndiye anayelala njaa. Kwa ruzuku, walioumia walikuwa wazazi na watoto, na wengi wao hawakujua kwamba kuna ruzuku. Mlinzi wa hela ni yule anayejua na kuumia kwa pamoja. Vitu hivyo viwili vikikaa kwa watu tofauti, hela inabaki bila mlinzi.

Gary Becker na George Stigler, mwaka 1974, walipeleka wazo hilo kwenye hesabu ya ofisa mwenyewe. Ofisa analinganisha atakachopata na atakachopoteza akikamatwa, kikizidishwa kwa uwezekano wa kukamatwa. Tuiweke kwa namba za mfano. Fungu lililo mbele yake ni shilingi 1,000,000. Akifukuzwa, ajira na mafao atakayoyakosa yana thamani ya shilingi 20,000,000. Uwezekano wa kukamatwa ni asilimia 1. Hasara anayoitarajia ni 200,000, na faida ni 1,000,000. Atachukua. Mwongeze mshahara mara mbili, thamani ya ajira ifike 40,000,000: hasara inayotarajiwa inakuwa 400,000, na bado atachukua, safari hii akiwa na mshahara mnono zaidi. Sasa rudisha mshahara wa zamani, lakini pandisha uwezekano wa kukamatwa hadi asilimia 6. Hasara inakuwa 1,200,000, na fungu halina faida tena.

Hesabu hii ndogo inaeleza kwa nini kupandisha mishahara peke yake, dawa inayopendwa sana kwenye hotuba, huwa haifui dafu pale ambapo hakuna anayeangalia. Mshahara mzuri una nguvu, lakini nguvu yake inazidishwa na uwezekano wa kukamatwa. Kitu kikubwa ukikizidisha kwa karibu na sifuri, jibu ni karibu na sifuri.

Shule zilizopata

Kama wilaya zingekuwa zinachukua tu, shule zote zingekosa sawasawa. Haikuwa hivyo. Wanauchumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipochambua tofauti kati ya shule, walikuta kwamba shule zilizo katika jamii zenye uwezo zaidi zilipata sehemu kubwa zaidi ya ruzuku yao. Ofisa alikuwa akipima nguvu ya shule kudai: wazazi waliosoma, wenye kujuana na watu wilayani, wenye uwezo wa kumkalisha mtu kitako na kumuuliza. Kanuni ya ruzuku ilisema kila mtoto sawa. Utekelezaji uligeuka majadiliano, na katika majadiliano anayeshindwa ni yule asiye na cha kuwekea mezani. Ruzuku iliyobuniwa kusawazisha ikaishia kuwanufaisha zaidi walio nacho.

Svensson alikuta mantiki hiyohiyo upande wa biashara Uganda. Kampuni hazikulipa hongo kwa kiwango kimoja. Kiasi kilifuata uwezo wake wa kulipa na ugumu wake wa kukataa, kwa mfano kama mtambo wake unaweza kuhamishwa au umeota mizizi. Hapo pia ndipo ile hoja ya zamani kwamba hongo hulainisha urasimu inapopungukiwa. Nathaniel Leff aliitetea mwaka 1964, na Gunnar Myrdal akaijibu mwaka 1968 kwamba ofisa akishajua foleni inamlipa, ataongeza foleni. Kwa data za kampuni za Uganda, Raymond Fisman na Svensson walikuta kwamba ongezeko la pointi moja ya asilimia katika kiwango cha hongo liliendana na kushuka kwa ukuaji wa kampuni kwa pointi tatu za asilimia, athari iliyo karibu mara tatu ya ile ya kodi. Kwa ruzuku ya shule, hoja ya kulainisha haina hata pa kuanzia, maana hakukuwa na urasimu wa kuukwepa.

Magazeti, na kilichofanyika pamoja nayo

Matokeo yalipotoka, serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi cha ruzuku kilichotumwa kila wilaya kila mwezi, katika Kiingereza na katika magazeti ya lugha za wenyeji. Shule nazo zikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi zilichopokea. Mwalimu mkuu aliyesoma gazeti aliweza kwenda wilayani na tarehe na kiasi mkononi. Utafiti uliporudiwa, kwa mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika shuleni.

Reinikka na Svensson walitafuta kutenganisha athari ya gazeti na mambo mengine kwa kutumia umbali wa shule hadi pale magazeti yanapouzwa. Kabla ya kampeni, shule za karibu na za mbali zilipunjwa vilevile. Baada ya kampeni, za karibu ziliboreka zaidi, na walimu wakuu wake walizijua vizuri zaidi kanuni za ruzuku na tarehe za kutolewa kwake. Kwa mtu anayetaka kuamini nguvu ya taarifa, huu ni ushahidi mzito, na tunaukubali.

Lakini namba mbili, 13 na 80, zimesafiri duniani zikiwa peke yake, kana kwamba gazeti ndilo lililofanya kazi yote. Mtafiti Paul Hubbard alionyesha mwaka 2007 kwamba kati ya vipimo viwili mengi yalibadilika. Rais Museveni aliahidi elimu ya msingi bila ada katika kampeni za mwaka 1996, na Januari 1997 mpango ulianza, mwanzoni kwa watoto wanne kwa kila familia. Ada zikaondoka, uandikishaji ukaruka, na ruzuku ikawa ndiyo roho ya shule. Mfumo wa kutoa fedha ulibanwa, mafungu yakawa ya masharti, na wafadhili wakayakodolea macho.

Tunaona maelezo haya hayapingani. Gazeti liliwapa waumiaji ujuzi waliokuwa hawana. Sera ya bila ada ilibadilisha nani anaumia: hela isipofika, shule inafunga, na lawama inapanda hadi kwa aliyetoa ahadi. Kwa mara ya kwanza mwenye mali wa juu kabisa alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka hela ifike. Anayenakili kampeni ya magazeti bila sharti hilo la pili, asishangae ikidunda.

Hapa ndipo nadharia nyingine inadai nafasi yake. Wanasayansi wa siasa Anna Persson, Bo Rothstein na Jan Teorell waliwahoji watu Kenya na Uganda, na mwaka 2013 wakahoji msingi wenyewe wa nadharia ya wakala: inadhani juu kuna mwenye mali mwadilifu anayekosa taarifa tu. Pale ambapo rushwa imeenea, wa juu naye anakula, na wa chini anaona kwamba akiacha peke yake atapoteza na hakuna kitakachobadilika. Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Katika hali hiyo, kuongeza ukaguzi ni kumwongezea mkaguzi nafasi ya kula naye. Hoja yao inaeleza vizuri kwa nini sheria na taasisi nyingi za kupambana na rushwa katika ukanda huu zimezaa matunda machache. Ruzuku ya Uganda ilipona kwa sababu, kwa fungu hilo na kwa miaka hiyo, mwenye mali alikuwepo.

Hela ikishafika

Kipimo cha uvujaji kinakoma kwenye daftari la mapato la shule, na rushwa haikomi hapo. Utafiti wa kushtukiza uliofanywa mwaka 2002 na 2003 katika nchi kadhaa ulikuta asilimia 27 ya walimu wa shule za msingi Uganda hawakuwepo shuleni. Mshahara ule ambao haukuvuja njiani ulikuwa unalipia kazi ambayo sehemu yake haikufanyika. Wanauchumi huhesabu utoro huu kuwa sehemu ya familia moja na rushwa, na kipimo cha kujua na kuumia kinaueleza vilevile. Mtoto anaumia, lakini hajui alichopaswa kufundishwa. Mzazi anaona mwanawe amekwenda na amerudi.

Tanzania ilitoa jaribio linaloonyesha urefu wa safari iliyobaki. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10, baadhi ya shule zilichaguliwa kwa bahati nasibu kupewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, nyingine zikapewa mpango wa kuwalipa walimu bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu stadi za kusoma na kuhesabu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku ilifika. Haikuinua alama za watoto pale ilipokwenda peke yake, na sehemu ya athari yake ilimezwa na familia zilizopunguza matumizi yao ya shule. Pale ruzuku ilipoungana na bonasi, alama zilipanda, na zilipanda kuliko jumla ya athari za mipango hiyo miwili ikitolewa mbalimbali.